Nilirudisha Waya Kabla Fundi Hajafika

Fundi wa sola wa kijiji chetu si tapeli. Nalitanguliza hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemwita tapeli. Nilimwita hivyo mbele ya sebule iliyojaa watu, nikarudia dukani, nikarudia msibani tukiwa tumekaa chini ya turubai, na watu waliniamini kwa kuwa nimefundisha hesabu katika shule ya msingi ya hapa hapa, mkoani Singida, mpaka nilipostaafu. Yeye mwenyewe nilimfundisha darasa la tano. Mwalimu wa hesabu akisema hesabu za fundi haziko sawa, nani atabisha?

Hesabu mbovu zilikuwa zangu. Na hilo ndilo kosa dogo kati ya mawili ninayokuja kuyasema.

Mwaka 2023 alizeti ilikubali. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia barabara kuu, na kila mwaka tuliambiwa awamu ijayo ni yetu. Nyumbani tulitumia taa ndogo za betri za kubeba mkononi, na simu tulizipeleka dukani kuchajiwa kwa hela. Nilipouza magunia nikasema basi, mwaka huu natoka gizani kwa nguvu zangu. Nikamwita yule kijana fundi.

Alikuja na daftari. Nilitegemea apande juu ya paa, lakini alikaa kwenye benchi, akapokea maji ya kunywa, akauliza, "Mwalimu, jua likishazama, hapa nyumbani mnawasha nini, na mnazima saa ngapi?" Nikamwambia aandike paneli ya wati 200. Akasema paneli tutaifikia mwishoni, tuanze na usiku. Nikanuna. Akamgeukia mke wangu akamuuliza swali lile lile, na mke wangu akamjibu bila shida: taa ya jikoni, ya sebuleni na ya chumbani, kila moja kama saa nne, taa ya nje usiku kucha kwa ajili ya fisi na wezi wa kuku, redio asubuhi na jioni, simu tatu.

Akaandika. Taa tatu za wati 5 kwa saa nne, 60. Taa ya nje wati 5 kwa saa kumi, 50. Redio wati 5 kwa saa sita, 30. Simu tatu, kila moja kama 15, jumla 45. Ukijumlisha zote ni wati-saa 185 kwa siku, yaani wati za kila kifaa ukizizidisha kwa saa kinazowaka. Ni hesabu ya darasa la tano, na aliyemfundisha kuzidisha ni mimi.

Kutoka kwenye 185 akaenda kwenye betri. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 70 ina wati-saa 840 kwa maandishi ya ubavuni, lakini betri za madini ya risasi hazitakiwi kukaushwa. Ukitaka idumu unatumia nusu, kama 420, na nusu nyingine unaiacha humo humo. Hizo 420 zingetutosha usiku mmoja na wa pili hata kama siku ya katikati ni ya mawingu. Ndipo akafika kwenye paneli, na hapo alikuwa karibu na ukingo wa chini wa ukurasa. Kwetu jua zuri tuhesabu saa tano kwa siku. Paneli ya wati 100 kwa saa tano ingekuwa 500, ila joto, vumbi na safari ya kwenye waya vinakula chake, tuseme inabaki 350. Inazidi mahitaji na ziada inajaza pengo la siku za mawingu. "Tuanze na hii, Mwalimu," akasema. "Mkizoea, tunaongeza."

Taa nne na redio! Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alikuwa na TV. Nikamwambia fundi: paneli wati 200, inveta ya wati 1,000 ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, ili siku moja na pasi iingie, TV ya inchi 32, na king'amuzi. Akaandika kama nilivyomwamuru. Kisha akapiga mstari, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa TV ile betri ile haitoshi. Nikamjibu kwamba hela ni yangu.

Paa nalo lilileta ubishi. Nyumba yetu inatazama barabara, na barabara iko kusini. Fundi alitaka paneli ikae upande wa nyuma, kaskazini. Akaniambia nitoke nje saa sita mchana nione kivuli changu kinaelekea wapi. Ilikuwa Julai, kivuli kilienda kusini, maana kwa sisi tulio chini ya Ikweta jua la miezi ile hupita kaskazini mwa utosi. Kwa mteremko wa bati langu, paneli inayotazama kusini mwezi huo hupoteza zaidi ya robo ya nguvu ya adhuhuri. Desemba jua huhamia kusini na upande wa barabara ungefaa, lakini Desemba ndiyo mvua zetu zinaanza, na mawingu hayajali paneli inatazama wapi. Nilimwelewa vizuri sana. Nilichomjibu ni hiki: "Paneli iliyofichwa nyuma ya nyumba ni ya kumwonyesha nani?"

Akaifunga mbele. Mbele kuna mwarobaini mkubwa, na kuanzia saa tisa alasiri matawi yake hutia kivuli kwenye pembe ya paneli. Nilidhani kivuli cha pembe kinapunguza umeme wa pembe. Kumbe seli za paneli zimeungwa mfululizo na mkondo wa zote hupita njia moja, kwa hiyo seli chache zikifunikwa zinazibana na zile zilizoko juani. Tawi moja linaweza kuondoa sehemu kubwa ya kazi ya paneli nzima.

Waya niliununua mwenyewe. Aliandika milimita 6, nikachukua wa milimita moja na nusu, ule wa taa za nyumbani, kwa sababu niliona shaba ni shaba. Kutoka kwenye paneli mpaka kwenye kontrola, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, ni kama mita 12, kwenda na kurudi 24. Jua likiwa kali, karibu volti 3 zilipotelea njiani. Kwa waya alioutaka yeye isingefika hata volti moja. Na kwa kuwa paneli ikichemka volti zake zenyewe hushuka, kilichofika kwenye betri saa za mchana mkali hakikuwa na nguvu ya kuijaza mpaka juu.

Halafu betri. Mwenye duka mjini alinionyesha mbili. Moja ilikuwa ya sola, nzito, bei kali. Nyingine ilikuwa N70, betri ya gari, karibu nusu ya bei ile. Zote volti 12, zote ampia-saa 70. Mwalimu wa hesabu akaona namba zinalingana. Mwenye duka hakunidanganya hata kidogo, alisema wazi kwamba ile ni ya gari. Mimi ndiye niliyemwambia umeme hauna macho ya kujua uko ndani ya gari au ndani ya nyumba. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, injini ishike, kisha ijazwe papo hapo. Ya sola ina sahani nene, za kutoa kidogo kidogo usiku mzima. Nilimchukua mkimbiaji wa mita mia moja nikampeleka kuchunga ng'ombe kutwa. Fundi alipoiona aliinua uso akanitazama, kisha akaifunga. Alishaona sijibiki.

Nikubali pia kwamba wiki za kwanza zilikuwa tamu. Taa ikiwaka ndani ya nyumba uliyoijenga mwenyewe, bila kusubiri nguzo ya mtu, unatembea kijijini kwa namna nyingine. Watoto wa jirani walikuja kusomea kwetu. Mimi nilikaa barazani nikawasikia wapita njia wakisema, "Tazama kwa Mwalimu."

Kufikia Agosti, taa zilianza kuzimika zenyewe kama saa tatu usiku. Si TV. Taa. TV iliendelea kuwaka peke yake gizani, na sisi tumekaa mbele yake tukimulikwa na taarifa ya habari. Jambo hilo lilinitatiza siku kadhaa, na nikalitafutia maelezo, na maelezo niliyoyapata yalikuwa mazuri kiasi kwamba sikuona haja ya kumuuliza mtu. Taa zilipita kwenye kontrola. Inveta ya TV ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye betri. Sasa, kama TV inawaka, umeme upo. Kama umeme upo na taa hazipati, basi kontrola inauzuia. Kwa hiyo kontrola ni mbovu.

Angalia hatua zile moja moja, utaona kila moja inafuata iliyotangulia. Ningempa mwanafunzi alama zote. Kitu nisichokijua ni kwamba kontrola ina kazi mbili. Mchana inaizuia betri isijazwe kupita kiasi. Usiku, volti za betri zikishuka hadi kama 11, inakata taa kwa makusudi ili betri isikaushwe, na haiwashi tena mpaka betri ipate chaji ya kutosha. Inveta nayo ina kikomo chake, ila chake kiko chini zaidi, kama volti 10 na nusu. Ndiyo maana TV ilibaki hai taa zikiwa zimekufa. Kontrola ilikuwa inaniambia, kila usiku, kwamba tumemaliza sehemu yetu na tulale. Mimi nikamwona mlinzi anayefanya kazi yake kuwa ndiye mwizi.

Nikachukua bisibisi. Nikazitoa waya za taa kwenye kontrola, nikazifunga kwenye vichwa vya betri. Taa zikawaka mpaka asubuhi. Nikamwita mke wangu aje aone.

Tangu usiku ule hapakuwa na kitu cha kusema basi. Inveta ikijizima kwa volti 10 na nusu, taa ya nje iliendelea kunyonya mpaka alfajiri, maana taa hizi za volti 12 zinakubali kuwaka hata betri ikiwa hoi. Betri ya risasi ikikaushwa, sahani zake huvaa salfeti. Ukiijaza upesi salfeti huyeyuka na kurudi kwenye maji makali, lakini ukiiacha njaa usiku baada ya usiku inaganda na kuwa ngumu, na sehemu ya sahani iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Ubaya ni kwamba kwa nje huoni kitu. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7, iliyobaki nusu husoma kama 12.2. Sikuwa na mita ya kupimia, na ningekuwa nayo nisingepima. Betri hizi zilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Dunia ilishajua zinavyokufa kabla babu yangu hajazaliwa, mimi nikataka nigundue upya.

Muda ukawa unafupika. Septemba TV ilifika saa nne. Novemba ilifika mwisho wa taarifa ya habari. Desemba mvua zikaanza, mawingu yakakaa siku tatu mfululizo, na nikawaambia watu ni mvua.

Kisha ikaja AFCON ya Januari 2024, na Taifa Stars wakiwemo. Mechi na Zambia ilikuwa Jumapili tarehe 21, saa mbili usiku. Nilikuwa nimealika. Sebule ilijaa hadi mlangoni, wengine wamesimama dirishani, na mchana kutwa nilikuwa nimezima kila kitu ili betri ishibe. Msuva akafunga mapema na nyumba ikatetemeka. Zambia wakabaki kumi uwanjani kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili hakijafika mbali, inveta ikaanza kulia, pii, pii, pii, na picha ikakatika. Mtu akafungua redio ya kwenye simu, na tukamsikiliza Daka wa Zambia akisawazisha dakika ya 88 tukiwa gizani.

Hapo ndipo nilipolisema. Kuna aliyeuliza, kwa nia njema tu, "Mwalimu, si ulifunga mtambo mkubwa?" Nikajibu kwamba nilifungiwa na tapeli. Nikasema kontrola aliyoniletea ni mbovu, nikasema kijana kanila hela. Ile kontrola ambayo niliipita kwa bisibisi yangu, ndiyo niliyoitolea ushahidi.

Maneno hayakulala. Kesho yake fundi alituma mtu kuniambia kwamba amesikia, atakuja asubuhi inayofuata kuangalia tatizo.

Sasa nalisema kosa kubwa. Asubuhi hiyo niliamka kabla ya chai, nikachukua bisibisi, nikazitoa waya za taa kwenye vichwa vya betri, nikazirudisha kwenye kontrola, palepale alipozifunga yeye. Nikakaza. Nikapangusa vumbi. Nikatoka nje nikakaa barazani kumsubiri, na hata majirani watatu wanne waliposogea kutazama sikuwafukuza.

Alinisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba. Akatoa mita, akapima betri, akatikisa kichwa. Akafungua skrubu za kontrola kutazama waya. Ncha za shaba zilikuwa na unga, ule unga wa kijani na mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri kwa sababu ya maji makali. Kwenye kontrola unga ule hauoti. Waya haiwezi kuupata bila kukaa kwenye betri, tena kwa muda mrefu. Aliusugua kwa kidole gumba, akatazama kidole, akanitazama mimi. Nikayakwepa macho yake nikatazama mwarobaini.

Angeweza kulisema pale pale, na majirani wapo. Alichosema ni hiki: "Betri imechoka, Mwalimu. Huenda na mimi kazi yangu sikuifanya vizuri. Ile hela ya ufundi iliyobaki, basi iache." Nilikuwa bado sijammalizia theluthi ya malipo yake. Na mimi, mtu mzima, mwenye wajukuu, nikasema, "Sawa."

Najua kuna watakaouliza kwa nini. Sina jibu la kupendeza. Watu walikuwa wanatazama, naye alikuwa mwanafunzi wangu, na nilishazoea kuwa yule anayeshika chaki. Ningeweza kusema kwamba sikuwa na uhakika kosa ni la nani. Si kweli. Mtu asiye na uhakika haamki alfajiri na bisibisi.

Kilichofuata kilimgharimu yeye. Nyumba mbili zilizokuwa zimeshakubaliana naye zilimwacha. Moja ni ya mama mjane wa upande wa bondeni. Alisikia ya kwangu, akaogopa, akanunua kwa mchuuzi aliyepita na pikipiki akiuza paneli yenye kibandiko cha wati 300. Paneli yenyewe mtu anaibeba kwapani. Jua la utosini hutoa kama wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri za sasa hugeuza takribani moja ya tano ya hizo kuwa umeme. Wati 300 zinahitaji mita ya mraba moja na nusu. Ya kwake haikufika hata nusu mita. Hata mtoto wa darasa la sita angeligundua kwa rula, na mama yule angeweza kuniuliza mimi, mwalimu. Hakuniuliza kwa sababu alidhani yaliyonipata mimi yametokana na fundi, sasa anamkwepa fundi.

Mke wangu ndiye aliyenitoa. Alikuwa jikoni asubuhi ile, na jiko letu lina dirisha. Hakusema kitu kwa wiki nyingi. Siku moja akanitengea chai, akauliza, "Baba, zile waya asubuhi ile ulikuwa unazifanyaje?" Nikaanza kueleza. Akasema, "Mimi sitapita nikitangaza. Lakini akija mtu kuniuliza amwite fundi gani, nitamjibu." Akaiweka mezani ile karatasi ya daftari. Alikuwa ameitunza kwenye kabati pamoja na vyeti vya kliniki.

Nikaimalizia hesabu, nikianzia pale aliposimama kijana. Zake 185. TV wati 50 na king'amuzi wati 15, saa sita kwa siku ya mechi, 390. Nikadhani nimemaliza. Kisha nikakumbuka inveta. Ile ya wati 1,000 ikiwa imewashwa tu, bila kuendesha kitu, inakula yenyewe. Nilipokuja kuipima nilikuta karibu wati 11. Swichi yake ilikuwa nyuma ya kabati, tabu kuifikia, kwa hiyo ilikaa imewashwa mchana na usiku. Kumi na moja kwa saa 24 ni 264. Inveta yangu isiyofanya kazi yoyote ilikula kuliko taa zote, redio na simu za nyumba nzima. Jumla ikawa 839, na betri ikiwa mpya kabisa, ukiikausha mpaka tone la mwisho, ina 840. Sikuwahi kupiga pasi hata nguo moja.

Nilimkuta fundi kwake akitengeneza redio ya mtu. Nikamweleza yote, betri, waya, bisibisi. Aliniacha nimalize. Akasema, "Unga niliuona, Mwalimu." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mbele ya watu? Ningeanzia wapi?" Nikampa ile theluthi. Aliipokea akaihesabu mbele yangu, noti kwa noti, na nilimwelewa. Kisha akasema hela ni sawa, lakini yale maneno nikayarudishe nilikoyasemea.

Hilo lilikuwa gumu kuliko hela. Dukani nilisema, wakacheka. Sebuleni nilisema siku ya mechi nyingine, watu wakiwa wachache. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu una huruma, unamtetea mwanafunzi wako." Nikarudia kwamba waya nilizihamisha mimi kwa mkono wangu. Akatikisa kichwa akiniona muungwana. Uongo wangu ulikubalika siku moja. Ukweli nimeusema mara nyingi na bado kuna wanaodhani ni adabu tu.

Mtambo sasa uko hivi. Paneli ni ile ile ya wati 200, imehamia kaskazini, mteremko mdogo wa kutosha mvua ioshe vumbi. Waya ni milimita 6, na kuna fyuzi karibu na betri, ambayo mwanzoni niliifuta kwenye orodha kwa kuona ni ya kuongeza bei. Betri ni ya sola, ya jeli, ampia-saa 100. Nilitamani ya lithiamu, unayoweza kutumia sehemu yake kubwa bila kuiumiza na inayodumu zaidi, ila bei yake ingetaka alizeti ya misimu miwili. TV ya inchi 32 nimeuza, tumechukua ya inchi 24 ya volti 12, wati 20, pamoja na king'amuzi cha volti 12 pia. Inveta imezimwa, huwashwa kwa mashine ya kunyolea tu. Jumla yetu kwa siku ya kawaida haifiki 300, na betri ikitumika nusu ina 600. Kontrola ikikata taa, tunalala. Tangu tuhamishe paneli haijakata.

Kwa yule mama wa bondeni tulikwenda pamoja, mimi nikishika ngazi. Fundi aliipima ile paneli ya wati 300 saa sita mchana. Mita ilisoma ampia 3, yaani ni ya wati 50 na kitu. Alidhani mama atalia. Mama akauliza inaweza kuwasha nini. Fundi akafungua daftari akamuuliza usiku anawasha nini: taa mbili za wati 5 kwa saa sita, na simu moja. Sitini na kumi na tano, sabini na tano. Inatosha, akamwambia, kinachotakiwa ni kontrola na betri ndogo ya kweli, maana aliyouziwa imeshavimba.

Nikasema betri hiyo nitailipia mimi alizeti ya mwaka huu ikiuzwa. Mama akanitazama, akaingia ndani, akarudi na kalamu na karatasi, akataka niandike kiasi na mwezi, nitie sahihi, na fundi awe shahidi. Nimeandika, nikatia sahihi. Karatasi amebaki nayo yeye.